Mama anakonda, lakini leso haimzunguki

Shikamoo Somo,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Langoni hapa Lamu, nina watoto wawili. Nakuandikia kwa ajili ya mama. Ana miaka 58 na hedhi yake ilikatika miaka sita iliyopita. Kazi yake ni kusuka ukili na kushona mikeka. Akishakaa baada ya chai ya asubuhi alikuwa hanyanyuki mpaka adhuhuri iadhiniwe.

Mambo yalianza Ramadhani. Akifuturu tende moja na nusu kikombe cha uji, anasukuma sinia. Tukasema ni mfungo, tumbo limezoea. Idi ikapita, hali ni ile ile. Juzi nilimpakulia wali wa nazi na mchuzi wa kamba, chakula anachokipenda kuliko vyote, akala matonge manne kisha akaniambia, "Mwanangu, tumbo limeyaa." Nilihesabu, Somo. Matonge manne.

Mikono imekonda, bangili zinateleza hadi kiwikoni, lakini tumbo linakua. Leso akijifunga kiunoni, pindo lililokuwa likifika mgongoni sasa linaishia ubavuni. Wanawake wenzake barazani wanamtania kwamba atatuletea mdogo wetu. Usiku anaamka kwenda msalani mara tatu, mara nne, na zamani alikuwa analala mpaka alfajiri. Akiinuka kwenye mkeka anashika kinena, upande wa kushoto.

Si kwamba tumekaa tu. Kituo cha kwanza walimpima mkojo wakampa dawa za maambukizi. Kituo cha pili wakasema vidonda vya tumbo, vidonge mwezi mzima. Tukarudi, wakampa dawa ya gesi na ya minyoo. Sasa ni miezi minne. Baba anamnunulia habasoda. Jirani mmoja asema ni zile tembe za kupanga uzazi alizomeza zamani, mwingine ataka akakandwe.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Mama mkubwa alifariki kule Pate miaka minane iliyopita, tumbo limejaa maji, na watu wakasema ni jini. Mama mdogo naye alikatwa titi Mombasa, yu hai, alhamdulillahi. Mama mwenyewe alipimwa mlango wa kizazi mwaka jana akaambiwa yuko safi, kwa hiyo kila nikigusia hospitali hunijibu, "Huko chini nimeshapimwa." Wala hataki kuangaliwa na daktari mwanamume.

Naogopa saratani, ila neno lenyewe sijalitamka nyumbani. Je, ninaogopa bure? Nimpeleke wapi, nikaseme nini? Na mimi na watoto wangu je?

Binti wa Langoni

*

Marahaba, mwanangu.

Mpeleke mama hospitali wiki hii. Nimelitanguliza hilo kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilipofika kwenye pindo la leso moyo ulinishtuka. Siwezi kukwambia mama ana saratani, hakuna awezaye kusema hivyo kwa kusoma barua. Lakini bila kujua umeniandikia dalili zote nne ambazo daktari wa akina mama huziulizia anaposhuku saratani ya ovari, vile vifuko viwili vya mayai vilivyo kando ya kizazi: tumbo kujaa na kukua, kushiba upesi, maumivu ya tumbo au kinena, na kwenda haja ndogo kila mara. Huogopi bure.

Najua utaambiwa, "Nani hana gesi?" Na ni kweli. Mbaazi hujaza tumbo, hedhi hujaza tumbo, choo kigumu hujaza tumbo. Kila moja ya dalili hizi, ikiwa peke yake, kila mwanamke wa Amu ameshaionja. Kitu cha kuangalia ni kama dalili ni ngeni kwa mtu huyo, na kama inang'ang'ania. Gesi ya mbaazi huja mchana ikaondoka usiku. Hii ya mama imemjia mtu ambaye hakuwa nayo, imekaa tangu Ramadhani, na kila mwezi inaongeza mwenzake. Daktari Barbara Goff na wenzake kule Seattle, Marekani, walichapisha mwaka 2007 utafiti wa kutafuta dalili zinazowatenga wenye saratani hii na wasio nayo. Wakaona za kutiliwa mashaka ni zile zilizoanza ndani ya mwaka mmoja na zinazotokea zaidi ya siku 12 kwa mwezi. Uingereza nao, tangu 2011, mwongozo wao wa kitaifa unawataka madaktari wampime mwanamke mwenye dalili hizi zaidi ya mara 12 kwa mwezi, hasa akiwa amefika miaka 50. Mwongozo huo huo unasema mwanamke wa umri huo akianza kusumbuliwa na matumbo kwa mara ya kwanza maishani, asiambiwe ni matumbo tu kabla ovari hazijaangaliwa. Laiti jambo hilo lingebandikwa ukutani katika kila zahanati ya pwani yetu.

Pia kuna dalili nyingine zinazoweza kuandamana na hizo: uchovu usioeleweka, kukonda, choo kubadilika, na damu kutoka baada ya hedhi kukatika. Hiyo ya mwisho, hata ikiwa tone moja kwenye nguo, si ya kusubiri.

Ngoja nikueleze kwa nini ugonjwa huu hujificha, maana ukimwelewesha mama atajua haukuwa uzembe wake. Ovari ni ndogo kama lozi, na inakaa ndani ya nyonga mahali penye nafasi. Uvimbe unaweza kukua pale ukafika ukubwa wa dafu bila kumuuma mtu, kwa sababu hakuna kinachoubana. Ukishakua huegemea kibofu, ndiyo safari za msalani usiku. Na saratani yenyewe, ambayo mara nyingi huanzia kwenye ncha za mirija ya uzazi, haingoji kupita kwenye damu ndipo isambae. Hudondosha chembe zake kwenye utando unaofunika matumbo, na utando huo huanza kutoa maji. Maji yakisukuma tumbo la chakula, tonge la nne linakosa pa kuingia. Ndiyo maana mtu anakonda mikono huku kiuno kinapanuka. Mtu anayenenepa hakondi mikono, mwanangu. Tumbo kukua peke yake huku bangili zinapwaya si unene, na wenzake barazani waambie kwa upole waache utani huo.

Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kuandika safu hii. Alikuja mama mmoja mshona kofia, mpole, kabeba mfuko wa plastiki umejaa vikaratasi vya dawa. Nilivimwaga mezani nikavipanga kwa tarehe. Miezi saba. Vidonda, mkojo, amiba, vidonda tena, minyoo. Kila kituo kilianza upya kana kwamba kile cha kabla yake hakikuwapo, na katika miezi saba hiyo hakuna aliyemwambia alale, afungue leso, aguswe tumbo. Mimi nilipomgusa, mkono wangu ulikutana na kitu kigumu juu ya kinena, na pembeni maji yakatikisika. Sitaji kituo, kwa sababu havikuwa kimoja, na waliompa dawa hawakuwa watu wabaya. Vidonda vya tumbo ni jawabu jepesi kwa mgonjwa aliyekaa kwenye foleni ndefu mbele ya mtu aliyechoka. Lakini tangu siku ile nikajiwekea sheria, nami nakupa wewe: dawa ya tumbo ikimalizika na dalili zikabaki pale pale, usichukue dawa nyingine ya tumbo. Chukua kipimo.

Kuhusu kile kipimo cha mwaka jana. Mama hakukosea kukifanya, na aendelee nacho. Ila kipimo cha mlango wa kizazi huangalia mlango, na ovari ziko ndani ya nyumba. Ni sawa na mtu kuchungulia kizingiti akasema amekagua vyumba vyote. Mwambie hivyohivyo, ataelewa.

Sasa fanya hivi. Chukua daftari la mtoto, chora siku 30 zilizopita kadiri unavyokumbuka pamoja na mama, na kila siku aliyojaa tumbo au kushindwa kula utie alama. Andika safari za msalani. Andika habari ya leso, usione ni jambo dogo, hakuna kipimo cha kiuno kizuri kuliko hicho. Andika dawa zote alizopewa, na tarehe zake. Mwandike mama mkubwa wa Pate na mama mdogo wa Mombasa. Kisha mpeleke Hospitali ya King Fahd hapa Lamu, na ukiingia usianze na neno "gesi". Neno la kwanza ndilo linaloshika usukani. Sema: "Mama ana miaka 58, tumbo limekua kwa miezi minne, anashiba kwa matonge manne, anakonda, na dada yake alifariki kwa tumbo la maji. Naomba aguswe tumbo na apigwe ultrasaundi ya tumbo na nyonga." Hutakuwa mkaidi kwa kusema hivyo. Utakuwa umemrahisishia daktari kazi.

Kuna kipimo cha damu kiitwacho CA-125. Ule mwongozo wa Uingereza wa 2011 ulisema matokeo yakiwa 35 au zaidi mgonjwa apelekwe kwenye ultrasaundi. Kwa mama, ambaye tumbo lake linaonekana kwa macho, msingoje damu ndipo mtafute picha. Na kipimo hiki msikiabudu. Hupanda kwa fibroidi, ule uvimbe wa kizazi usio saratani, kwa hedhi, kwa ugonjwa wa ini, na kinaweza kuwa chini huku saratani ipo, hasa ikiwa bado changa. Tena kifua kikuu kikiingia tumboni huleta maji yale yale na huipandisha CA-125 vilevile, nacho hupona kwa vidonge vya miezi. Kwa hiyo hata picha ikionyesha maji, msianze kulia kabla maji au kinyama hakijapimwa maabara. Hapo ndipo ukweli ulipo.

Picha ikionyesha uvimbe au maji, ombeni barua ya rufaa siku hiyohiyo kwenda Mombasa, Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ile ambayo sisi wazee bado tunaiita Makadara. Hapo kuna kitengo cha saratani. Ulizeni kama kuna daktari bingwa wa saratani za akina mama wa kumpasua, maana upasuaji wa kwanza kwa ugonjwa huu ndio wenye uzito, na anayeufanya anatakiwa kuondoa kila kinachoonekana. Baadaye hufuata dawa za saratani za dripu, na wengine huanza na dripu ndipo wapasuliwe. Kwa sasa asikubali mtu kuudunga uvimbe sindano "kuupunguza" kabla bingwa hajauona. Maji ya tumbo yakimbana pumzi yanaweza kutolewa hospitalini, hilo ni jambo jingine. Angalieni pia mapema kama mama amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, na michango yake iko sawa. Iliichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na nimeona familia zikikwama dirishani Mombasa kwa sababu ya hatua ambayo ingemalizwa hapa Lamu kabla ya kuvuka Mokowe.

Msingoje siku ya miadi iwapo atatapika mfululizo bila kupata choo wala kutoa upepo, atakosa pumzi, mguu mmoja utavimba na kuuma, au maumivu yatakuwa makali ghafla. Hayo ni ya usiku huohuo, hata kama ni kukodi boti.

Jirani wa tembe umjibu kwa adabu kwamba mambo ni kinyume. Tembe za kupanga uzazi hupunguza uwezekano wa saratani ya ovari, na kuzaa na kunyonyesha pia hupunguza. Kukandwa, hapana. Tumbo lenye uvimbe usiojulikana halikandwi, mkandaji awe na mkono mzuri namna gani. Habasoda ya baba haitamdhuru kwenye chai, ila isiwe sababu ya kusema "tungoje kidogo tuone". Na mama mkubwa, Mungu amrehemu, mimi sikuwapo Pate wala sijui alikuwa na nini. Najua tu kwamba watu wetu wengi wamezikwa na jina la jini ilhali hakuna aliyewahi kuwapiga picha ya tumbo. Kisomo na dua viendelee. Havigombani na ultrasaundi.

La stara nalichukua kwa uzito, kwa sababu ndilo lililowachelewesha wanawake wengi niliowaona. Mwambie mama kwamba kipimo cha kwanza ni cha juu ya tumbo tu: anafunua kutoka chini ya kifua hadi juu ya kinena, anapakwa mafuta mazito ya baridi, basi. Buibui halivuliwi lote. Ana haki ya kuomba mhudumu mwanamke, na asipokuwapo, ana haki ya wewe kusimama kando yake muda wote. Wakihitaji kupima kwa njia ya chini wamweleze kwanza, na akikataa waheshimu. Ukiweza, nenda naye pamoja na yule mama mdogo wa Mombasa. Yeye ameshapita chini ya mikono ya madaktari na yu hai. Maneno yake yatafika mahali ambapo yako hayafiki.

Neno lenyewe usilifiche, lakini usilitangulize. Mwambie, "Mama, kuna kitu tumboni kinakuzuia kula, twende tukakijue." Akikuuliza waziwazi kama ni saratani, mjibu kwamba inawezekana, na ndiyo maana mnakwenda. Wazee wetu si watoto. Wengi huwa wameshalifikiria neno hilo usiku, peke yao, huku sisi tunawanong'onea pembeni. Na wewe sikufichi: kama ni saratani na tumbo limeshajaa maji, imeshatoka nje ya ovari, na hapo ni vigumu zaidi. Takwimu za Marekani zinasema inayokutwa ikiwa bado ndani ya ovari, zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 wanakuwa hai baada ya miaka mitano. Iliyosambaa mbali, kama 3 kati ya 10. Lakini hao watatu wapo, na hata wasiopona hupata miezi na miaka ya kula, kulala na kusuka ukili, ambayo hawaipati wakibaki na dawa za gesi.

Wewe mwenyewe, usikimbilie kupigwa picha kila mwaka ukiwa huna dalili. Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000, wengine kwa kipimo cha damu, wengine kwa picha, kila mwaka, na matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba kuwapima wasio na dalili hakukupunguza vifo. Kinachokuhusu ni ukoo. Saratani ya titi na ya ovari zikikutana katika familia moja, huenda kuna hitilafu katika jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2, na mzazi aliye nayo humrithisha kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu, wa kike au wa kiume. Kwa hesabu za Marekani, mwanamke wa kawaida ana nafasi kama 1 kati ya 90 ya kupata saratani ya ovari maishani. Mwenye BRCA1 mbovu ni takriban 40 kati ya 100. Kwa hiyo mama akithibitishwa, muulize daktari wa Mombasa kuhusu kipimo cha jeni. Kianze kwake, si kwako. Akiwa hana hitilafu hiyo, wewe umepumua. Akiwa nayo, utapimwa, na kuna mengi ya kufanya mapema. Wanao ni wadogo, waache wacheze.

Jambo la mwisho ni la siku ya ultrasaundi, maana najua hakuna atakayekwambia mpaka mfike. Kwa picha ya nyonga watataka kibofu kijae, anywe maji kama saa moja kabla na asiende msalani. Kwa mama anayeamka mara nne usiku, hiyo ni adhabu. Wahini asubuhi, mueleze mhudumu mlangoni mapema kwamba mgonjwa wako hawezi kuzuia mkojo kwa muda mrefu, na umuombee apishwe mbele. Akishindwa kuvumilia aende tu, atakunywa tena. Chukua chupa mbili za maji, na leso ya kubadilisha.